Kadio Haiibi Nguvu Zako: Angalia Kipimo

Wiki hii nimeulizwa tena swali lile lile, na safari hii aliyeuliza hakuwa mgeni wa jimu bali mnyanyuaji wa vyuma aliyekwisha kupanda jukwaani: "Kocha, nikianza kadio, nguvu za skwoti si zitapotea?" Kadio ni mazoezi ya moyo na pumzi, kama kukimbia au baiskeli, na skwoti ni kuchuchumaa na chuma mabegani kisha kusimama. Namheshimu muulizaji, lakini imani iliyo nyuma ya swali lake imenichosha, kwa kuwa naona inavyowafanya watu wenye uwezo wa kuchuchumaa na kilo 200 mabegani watwete wakipanda ngazi, na kulihesabu jambo hilo kuwa sehemu ya mchezo.

Chanzo cha imani hii kinajulikana. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, alichapisha jaribio la wiki 10 ambalo kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu siku 5 kwa wiki, la pili likafanya ya stamina siku 6, na la tatu likafanya yote mawili kwa ukamilifu. Nguvu za kundi la tatu zilipanda vizuri hadi karibu na wiki ya 7, zikasimama, kisha zikashuka katika wiki mbili za mwisho. Wanaolinukuu jaribio hilo huishia hapo, na hapo ndipo subira yangu inapokwisha, kwa sababu hawasemi stamina yenyewe ilikuwa ya namna gani. Siku 3 washiriki waliendesha baiskeli vipindi 6 vya dakika 5, kila kimoja kwa kasi inayokaribia kikomo cha mwili kutumia oksijeni, wakipumzika dakika 2 tu katikati. Siku nyingine 3 walikimbia kwa kasi yote waliyoiweza, kwanza kwa dakika 30 na baadaye kwa dakika 40. Yote hayo yaliongezwa juu ya mazoezi ya nguvu yaliyolenga miguu hiyo hiyo. Kulitumia jaribio hilo kumkataza mnyanyuaji nusu saa ya baiskeli mara mbili kwa wiki ni sawa na kumkataza mtu chumvi kwa sababu aliyekula kikombe kizima aliugua.

Tangu wakati huo ushahidi umeongezeka. Uchambuzi uliojumlisha tafiti 43, uliochapishwa mwaka 2022, haukuona kwamba kuchanganya mazoezi haya mawili kunazuia ukuaji wa misuli au ongezeko la nguvu za juu kabisa. Kilichoathirika ni nguvu za mlipuko, yaani uwezo wa kuzalisha nguvu kwa haraka, na athari ilionekana zaidi pale mazoezi yote mawili yalipofanywa katika kipindi kimoja. Kwa mchezo wetu wa pawalifti (skwoti, kusukuma chuma kutoka kifuani ukiwa umelala, na dedlifti, yaani kuvuta chuma kutoka sakafuni), ambao haupimi kasi bali kilo zilizonyanyuliwa, hiyo ni habari njema.

Vitabu vingi hueleza mgongano huu kwa mchoro wa kuvutia: stamina huamsha kimeng'enya cha AMPK, nacho hukandamiza mTOR, protini inayoamuru ujenzi wa misuli, na hivyo ujenzi wa misuli husimama. Mimi nina mashaka na uzito tunaoupa mchoro huo. Sehemu kubwa ya ushahidi wake wa awali ilitokana na misuli ya panya iliyochochewa kwa umeme, na isitoshe, seti nzito za vyuma zenyewe huamsha AMPK kwa binadamu. Kama kimeng'enya hicho kingekuwa adui kiasi tunachoelezwa, vyuma navyo vingejizuia vyenyewe. Nikimwona mnyanyuaji aliyedhoofika baada ya kuanza kadio, maelezo ya kwanza ninayoyatafuta yapo karibu zaidi: uchovu na chakula.

Hapo kwenye chakula naomba tusimame kidogo. Mtu anataka kushuka daraja la uzito. Anaanza kukimbia kila asubuhi, anapunguza wanga, anaamka saa moja mapema kuliko kawaida, na hagusi ratiba yake ya vyuma. Baada ya wiki kadhaa dedlifti imeshuka, naye anatangaza kwamba kadio "imekula misuli". Mtu huyu amebadilisha mambo matatu kwa pamoja, kisha ameshtaki moja. Ninapomrudishia usingizi wake, nikamtaka ale kufidia nguvu anazozitumia kwenye kadio na kuhakikisha protini inatosha kila siku, mara nyingi kilo zake hurudi huku kadio ikiendelea.

Faida yenyewe huonekana mahali ambapo wengi hawatazami, yaani kwenye mapumziko kati ya seti. Mtazame mnyanyuaji asiye na pumzi akimaliza marudio 5 ya skwoti: amekirudisha chuma kwenye nguzo, ameinama na kushika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na baada ya dakika 3 bado hawezi kuvuta pumzi ya kujaza tumbo ili kuukaza mkanda. Seti yenyewe haikuhitaji oksijeni nyingi, kwa kuwa ilitegemea zaidi fosfokreatini, akiba ya nguvu za haraka iliyokuwa tayari ndani ya misuli. Lakini akiba hiyo hujazwa upya kwa njia inayotumia oksijeni, na mwenye moyo na mishipa iliyozoezwa huijaza mapema zaidi. Anaifikia seti ya 4 na ya 5 akiwa na mwili unaofanya kazi, na hizo ndizo seti zinazoongeza nguvu mwezi hadi mwezi.

Kuhusu moyo nitasema machache. Mwaka 1985 watafiti wa Kanada walipima shinikizo la damu ndani ya mshipa wa mkono wakati wa kusukuma uzito mkubwa kwa miguu, na kwa mmoja wa waliopimwa lilifika 480 kwa 350. Mruko huo ni wa muda mfupi na kadio haiufuti, lakini kadio ya kudumu husaidia kushusha shinikizo la mwili uliopumzika, na kwa wanyanyuaji wa madaraja mazito sioni sababu ya kulipuuza hilo.

Aina ya kadio nayo ina uzito wake. Kukimbia hugonga miguu kila hatua na kuacha maumivu ya misuli yanayofika hadi siku ya skwoti. Baiskeli, kutembea mlima na kusukuma sledi (kitoroli kizito kinachoburutwa sakafuni) havigongi miguu kwa kiasi hicho. Mashine ya kupiga makasia ni nzuri, ila huuchosha mgongo wa chini ambao dedlifti inauhitaji, kwa hiyo siiweki siku inayotangulia ile ya dedlifti.

Wanyanyuaji wangu wengi huanza na vipindi 2 au 3 kwa wiki, vya dakika 20 hadi 40, kwa mwendo unaomruhusu mtu kuongea sentensi nzima bila kukatika. Kama lazima vyuma na kadio viwe siku moja, vyuma hutangulia, na kadio husubiri angalau saa 6 ikiwezekana. Kipindi cha kasi kali hakizidi kimoja kwa wiki, tena mbali na mashindano.

Wiki za mwisho kabla ya mashindano ndipo ninapokuwa mwangalifu kuliko tafiti zinavyonidai. Nyingi kati ya hizo hazikuwapima watu wanaochuchumaa na mara 3 ya uzito wa miili yao, na kwa mtu wa namna hiyo kilo 2.5 huamua nafasi. Kwa hiyo naondoa vipindi vya kasi kwanza, kisha napunguza baiskeli, na katika siku 7 hadi 10 za mwisho nabakiza matembezi mepesi tu. Siifuti kadio mapema zaidi ya hapo, kwa sababu mashindano ni majaribio 9, matatu kwa kila mnyanyuo, yaliyotandazwa kwa saa nyingi, dedlifti ikiwa ya mwisho, na jaribio la tatu la dedlifti huvutwa na mwili ambao umeshafanya kazi ya siku nzima.