Mario Puzo hakuwa mtu wa mafia

Tangu riwaya ya The Godfather, inayohusu familia ya mafia, itoke mwaka 1969, watu wengi wameamini kwamba mwandishi wake, Mmarekani Mario Puzo, alikuwa mtu wa ndani wa mafia. Wanauliza, angejuaje yote yale? Jibu alilitoa mwenyewe mwaka 1972: riwaya nzima aliiandika kwa utafiti, na hakuwahi kukutana na jambazi wa kweli. Kamari alicheza sana, na madeni yalimwandama. Ndiyo sababu aliamua kuandika kitabu kitakachouza, maana viwili vya kwanza vilisifiwa na wahakiki bila kumletea fedha za maana.

Kimojawapo, The Fortunate Pilgrim cha 1965, mimi nakiona bora kuliko vyake vyote. Kinamhusu Lucia Santa, mama Mtaliano anayepigania familia yake katika mtaa wa Hell's Kitchen, New York, alikokulia Puzo. Lucia Santa huyo wa riwayani ni mama mzazi wa Puzo kabisa. Na Puzo alieleza kwamba kila Don Corleone, mkuu wa mafia katika The Godfather, alipofungua kinywa, sauti aliyoisikia kichwani ilikuwa ya mama huyo: busara yake, ukali wake, mapenzi yake kwa familia.

Hata sinema ya The Godfather ya 1972, aliyoshirikiana na mwongozaji Francis Ford Coppola kuandika muswada wake na wote wawili wakapata Oscar, imejengwa juu ya sauti hiyo. Anayetaka kumwona mama mwenyewe atafute tamthilia ya televisheni ya The Fortunate Pilgrim ya 1988, Sophia Loren akiwa Lucia Santa.