Mbili za gigabiti 10 hazifanyi 20

Nimeletewa tena mchoro wa klasta ya HCI niukague, yaani seva kadhaa (nodi) zinazounganisha diski zao kuwa hifadhi moja na kuendesha mashine pepe (kompyuta za kiprogramu) humohumo. Nodi nne, kila moja na diski sita za kasi za NVMe, vichakataji viwili vyenye viini tele na kumbukumbu ya kutosha. Kurasa kadhaa zimetumika kuchagua modeli ya seva. Mtandao umepewa mstari mmoja: "Poti 2 za 10, LACP, jumla gigabiti 20." Yaani poti mbili za gigabiti 10 kwa sekunde zinafungwa pamoja kwa LACP zitumike kama moja. Mstari huu nimechoka kuukuta.

Tuanze na diski. Kwenye HCI, mashine pepe ikiandika haijibiwi kwamba imemaliza mpaka nakala ya pili itue kwenye nodi nyingine. Kwa hiyo waya wa mtandao ni sehemu ya hifadhi yenyewe. Poti ya 10, mambo yakienda vizuri kabisa, inapitisha gigabaiti 1.25 kwa sekunde. NVMe moja ya PCIe (njia ya ndani ya seva inayobeba data za diski na kadi) kizazi cha 4 husoma hadi karibu gigabaiti 7. Moja tu, na wewe umenunua sita kwa kila nodi. Nutanix, mojawapo ya programu za HCI, hujitahidi kusoma kutoka nodi ileile iliyobeba mashine pepe, na hilo linasaidia sana, ila kuandika hakuukwepi mtandao hata siku moja.

Sasa hiyo 20. LACP haigawi pakiti mojamoja kati ya waya mbili. Inachukua anwani za anayetuma na anayepokea, pengine na namba za poti za TCP, inazipigia hesabu ya hashi, na jibu ndilo linalochagua waya. Mazungumzo yakishapangiwa waya wa kwanza yanabaki hapo, hata wa pili ukiwa mtupu. Imefanywa hivyo makusudi: pakiti zikifika zimepishana, TCP hudhani nyingine zimepotea na kuanza kupunguza mwendo.

Kwenye swichi inayohudumia mamia ya kompyuta hili halionekani, maana mazungumzo ni mengi na yanajisawazisha yenyewe. Kwenye klasta ya nodi nne, kila nodi ina wenzake watatu tu. Ukipiga hashi kwa anwani za IP pekee, uwezekano wa wote watatu kuangukia waya mmoja ni robo nzima. Kuongeza namba za poti kwenye hashi kunasaidia iwapo programu ya hifadhi inafungua miunganisho mingi kwa kila mwenza. Si zote zinazofanya hivyo. Tena swichi inapiga hashi yake yenyewe kwa pakiti zinazorudi, kwa hiyo unaweza kurekebisha upande wa seva ukabaki na tatizo lilelile upande wa pili. Fungua kaunta za poti wakati wa mzigo: moja imejaa pomoni na inatupa pakiti, ya pili haina kazi. Ukimwonyesha mtu jambo hilo, anaagiza diski zenye kasi zaidi!

Mimi napenda njia nyepesi. Poti mbili za 25, swichi mbili zinazojitegemea, hifadhi yote ielekezwe swichi ya kwanza na mashine pepe swichi ya pili, kila moja ikiwa akiba ya mwenzake. Hivyo nakala hazivuki waya unaounganisha swichi hizo mbili.

Kuhusu modeli ya nodi, nitasema kwa haraka. vSAN, programu ya hifadhi ya VMware, yenye nakala mbili inakubali nodi tatu, lakini moja ikifa hakuna pa kuijenga upya nakala iliyopotea, nunua nne. Nodi nne zikipungukiwa na moja umepoteza robo ya klasta, nane umepoteza sehemu ya nane, na nafasi hiyo lazima iwe wazi kwenye diski kabla ya siku hiyo. Angalia sloti za PCIe kabla ya kuhesabu viini: kadi ya poti mbili za 100 kwenye sloti ya kizazi cha 3 yenye njia 16 inaishia kama gigabiti 126, si 200.

Kebo za shaba za 25 zikikataa kuwaka, linganisha FEC (mpangilio wa kusahihisha makosa ya njiani) pande zote mbili kabla hujailaumu kebo. Kama umeweka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) 9000, jaribu ping ya baiti 8972 iliyokatazwa kugawanywa, kutoka kila nodi kwenda kila nodi, kupitia swichi zote mbili.

Kuna jambo ambalo bado linanipa shaka. Miongozo inasifu RoCE, yaani seva kusomeana kumbukumbu moja kwa moja kupitia Ethernet, na ucheleweshaji wake kweli ni mdogo. Lakini kwa kawaida inadai PFC (amri ya kusimamisha utumaji kwa muda) na ECN (alama ya kuonya juu ya msongamano) zipangwe sawasawa kwenye kila poti njiani, na PFC ikikosewa inaweza kusimamisha hata trafiki isiyohusika. Kwa klasta ya nodi nne hadi nane sijashawishika kwamba faida hiyo inalipia kazi ya kuitunza, hasa pale ambapo hakuna mtu wa mtandao anayekaa nayo kila siku. TCP ya kawaida juu ya 25, kwenye swichi yenye bafa za kutosha, mara nyingi inatosha.

Usiipokee klasta kabla ya majaribio mawili. Nodi zote zitume kwa nodi moja kwa pamoja, uone swichi inatupa pakiti ngapi. Kisha, mzigo ukiwa juu, zima swichi ya hifadhi na uhesabu mashine pepe zinakwama sekunde ngapi kabla ya kuendelea.