"Mbona leo?": maana ya shaka juu ya wakati wa vitisho vya ugaidi

Likitoka tangazo la hatari ya ugaidi, swali linaloanza barazani Lamu ni fupi: mbona leo? Redio imesema kuna watu wameonekana upande wa msitu wa Boni. Mtu anateremsha kikombe cha kahawa na kuuliza Nairobi kuna nini wiki hii. Bajeti? Kesi ya mkubwa fulani? Maandamano? Akipata jibu, na jibu halikosekani, mazungumzo yamekwisha: "Changa la macho hilo."

Hiyo ndiyo dhana yenyewe: mazoea ya kuamini kwamba kitisho cha ugaidi hakikuja kwa wakati wake, bali kimeletwa, kimetangazwa au kimekuzwa saa inayomfaa mtawala. Watu wa pwani hawakuipata bure, wamefundishwa na mambo waliyoyaona. Lakini wengi huipokea nzima au kuikataa nzima, ilhali ndani yake mna madai matatu yasiyolingana uzito.

Methali ya kufa kufaana inasaidia kuyatenganisha. Muuza sanda hupata riziki kila jeneza linapotoka, na hakuua mtu. Dai la kwanza la "mbona leo?" ni kwamba mtawala amefaidika na kitisho. Hilo ni kweli karibu kila mara, na kwa sababu hiyo halithibitishi kitu. Dai la pili ni kwamba alichagua saa ya kukitangaza. Hili hutokea, na linaweza kuchunguzwa kwa tarehe. Dai la tatu ni kwamba alilipanga tukio, au alilijua akaliacha lipite. Hili ni zito kuliko yote na ushahidi wake ni haba. Kosa la barazani ni kuruka kutoka la kwanza hadi la tatu bila kukanyaga la pili.

Mfano unaosomwa sana wa dai la pili unatoka Marekani. Mwaka 2002 serikali ya huko ilianzisha mfumo wa rangi tano za hatari, kutoka kijani hadi nyekundu. Tarehe 1 Agosti 2004, siku tatu tu baada ya chama cha upinzani kumaliza mkutano wake wa kumteua mgombea urais, rangi ilipandishwa hadi ya machungwa kwa majengo ya fedha ya New York, New Jersey na Washington. Punde ikajulikana kwamba sehemu kubwa ya habari hizo ilikusanywa na magaidi miaka mitatu au zaidi nyuma. Serikali ilijibu kwamba ndiyo kwanza imezipata. Yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na hapo ndipo ugumu ulipo. Waziri wa usalama wa ndani wa wakati huo, Tom Ridge, baadaye aliandika kwamba siku chache kabla ya kura ya Novemba 2004 wakubwa wenzake walimsukuma apandishe rangi tena, akakataa, na akajiuliza kama lilikuwa suala la usalama au siasa. Mwanasosholojia Robb Willer naye alilinganisha maonyo ya serikali na kura za maoni, akakuta kwamba onyo lilifuatwa na ongezeko la karibu pointi 3 katika umaarufu wa rais. Mfumo wa rangi uliondolewa mwaka 2011. Watu walikuwa wameacha kuusikiliza.

Turudi kwetu. Anayetaka kuuliza "mbona leo?" kwa akili aanze kwa kutenga saa tatu: saa ya tukio, saa ya tangazo, na saa ya amri. Saa ya tukio huchaguliwa na mshambuliaji. Saa ya tangazo huchaguliwa na serikali, au na ubalozi. Saa ya amri, yaani kafyu, marufuku ya kuvua usiku, operesheni, huchaguliwa na serikali peke yake. Mikono hii ni tofauti, na shaka inayoifanya kuwa mkono mmoja haimkamati yeyote.

Mpeketoni, mji ulio Lamu bara, inaonyesha saa hizi zilivyochanganywa. Usiku wa Jumapili, 15 Juni 2014, wapiganaji waliingia mjini. Kwa usiku huo na uliofuata, katika mji na vijiji vya karibu, zaidi ya watu 60 waliuawa. Al-Shabaab wakasema ni wao. Tarehe 17 Juni Rais Uhuru Kenyatta akalihutubia taifa akisema si Al-Shabaab, ni mitandao ya siasa ya mahali. Upinzani ulikuwa ukiandaa mkutano wa Saba Saba, tarehe 7 Julai. Gavana wa Lamu akakamatwa mwezi huohuo, kisha kesi yake ikafifia kwa kukosa ushahidi. Mwisho wa Julai hati za ardhi za kampuni 22, ekari zipatazo 500,000 za Lamu, zikatangazwa kufutwa.

Hapo kila mtu alikuwa na "mbona leo?" yake. Wa serikali aliangalia Saba Saba, wa upinzani aliangalia anayetafuta sababu ya kuuzima mkutano, na mwenye shamba aliangalia bandari mpya na bei ya ardhi. Wote walikuwa na tarehe za kuonyesha. Mamlaka ya kuangalia utendaji wa polisi, IPOA, ilipochunguza, ilikuta kitu kisichopendeza kukisimulia: polisi walichelewa na hawakujipanga. Uzembe hauna nafasi katika hadithi ya njama, maana njama inahitaji serikali yenye uwezo mkubwa. Anayeamini kwamba serikali haiwezi kupeleka gari la polisi kwa wakati, kisha akaamini kwamba inaweza kupanga shambulio na kuficha siri yake miaka kumi, ana hesabu ya kusawazisha.

Na hesabu yenyewe tuifanye. Tuseme kwa mwaka Kenya ina mambo kumi makubwa ya kisiasa: bajeti, hukumu nzito, maandamano, uchaguzi mdogo na kadhalika. Tuseme pia kwamba barazani tunakubali kuwa tukio "limeangukia" jambo likiwa ndani ya siku kumi kabla au kumi baada. Kila jambo linafunika siku 21. Mara kumi, kama hayaingiliani, ni siku 210 kati ya 365. Shambulio lolote, hata likitupwa kama karata, lina nafasi zaidi ya nusu ya kuangukia jambo la siasa. Ukipunguza dirisha liwe siku mbili kila upande, zinabaki siku 50. Kwa hiyo kabla ya kushangaa, weka upana wa dirisha lako, na uuweke kabla ya kutafuta jambo la kulijaza.

Juni ni mwezi wa kuangalia zaidi. Mpeketoni ilikuwa 15 Juni 2014, shambulio la kambi ya jeshi ya Baure 14 Juni 2015, mauaji ya vijiji vya Juhudi na Salama 24 Juni 2023. Bajeti ya Kenya nayo husomwa Juni. Mwenye shaka anaunganisha nukta. Lakini Juni pia ni mwezi ambao masika yamepungua na njia ya kutoka mji mdogo wa Hindi kwenda Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, ambayo mvua ikinyesha huwa tope la kumeza magurudumu, inaanza kupitika, kwa jeshi na kwa wanaolivizia. Anayeishi Hindi huenda akafikiria mvua kabla ya bajeti.

Mfano wa saa ya tukio iliyosomwa vibaya ni Manda. Alfajiri ya 5 Januari 2020 wapiganaji walishambulia uwanja wa ndege wa kijeshi wa Manda Bay, ulio Lamu bara, wakaua Wamarekani watatu. Siku mbili kabla, Marekani ilikuwa imemuua Jenerali Qassem Soleimani wa Iran mjini Baghdad. Mara moja ikasemwa: hiki ni kisasi cha Iran. Al-Shabaab wakakana uhusiano huo. Lakini tusiwategemee wao. Tuangalie tarehe 2 Januari, siku moja kabla ya Soleimani kufa, ambapo mabasi ya kuja Lamu yalishambuliwa Nyongoro. Na shambulio la uwanja wenye ulinzi kama ule linataka kupelelezwa lindo, kuvukishwa watu na silaha, kujificha karibu. Si kazi ya siku mbili. Tukio lililoanza kuandaliwa kabla ya sababu inayotajwa haliwezi kuwa limetokana nayo, na kwa kawaida kipimo hiki kimoja kinatosha kuzima nusu ya uvumi.

Shaka isiyopimwa huua pia. Tusidhani ni ya wananchi tu, serikali nayo huuliza "mbona leo?" ikiambiwa na wageni. Mei 2014, siku chache baada ya Waziri Mkuu wa China kuja Nairobi kutia saini mambo ya reli, Uingereza iliwaonya raia wake juu ya Mombasa, na watalii wakarudishwa kwao kwa ndege. Wengi wakasema tunaadhibiwa kwa kwenda Mashariki. Tarehe 16 Mei mabomu yakalipuka soko la Gikomba. Mwishoni mwa Machi 2015 maonyo yakatoka tena. Tarehe 1 Aprili Rais akayapuuza hadharani, akisema Kenya ni salama kama nchi nyingine yoyote. Kesho yake, 2 Aprili, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, katika Chuo Kikuu cha Garissa.

Hasira ya mwenye hoteli Malindi au Shela kwa maonyo hayo ina haki yake. Uingereza ikisema raia wake wasiende mahali isipokuwa kwa dharura, bima ya safari ya kawaida huacha kumlinda anayekwenda, na bila bima kampuni ya watalii haileti ndege. Sentensi moja ya ubalozi hufunga jiko, hushusha tanga la jahazi la watalii na kumrudisha kijana wa mashua kijijini. Lakini hasira hiyo inahusu gharama. Haijibu kama habari ilikuwa ya kweli.

Mahali shaka inapofaa kukaa ni kwenye saa ya amri, na hasa mwisho wake. Mwanzo wa kafyu daima una sababu. Damu imemwagika, nani atapinga? Mwisho ndio unaosema. Kafyu iliyotangazwa Lamu Julai 2014 iliendelezwa tena na tena hadi Disemba. Julai 2017, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi, ikatangazwa nyingine ya miezi mitatu kwa Lamu, Tana River na Garissa. Kafyu ya saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa mvuvi wa jarife, ni kufungiwa kazi, kwa sababu jarife hutegwa jua likizama na kutolewa alfajiri. Samaki akikaa wavuni hadi jua lipande, kaa wamekwisha mtafuna na mnunuzi ameondoka.

Katiba inajua hatari hii. Kifungu cha 58 kinasema hali ya hatari hudumu siku 14 tu, na kuiongeza kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote, kisha robo tatu mara zinazofuata. Kafyu na operesheni hazipitii mlango huo, ndiyo maana ni rahisi kuzirefusha. Likitangazwa jambo jipya, maswali yenye manufaa ni haya: habari hii ilipokelewa lini, si ilitangazwa lini, amri inakwisha tarehe gani, nani anaipitia kabla ya kuiongeza, na mipaka yake inalingana na mahali hatari ilipo, au imepakwa kaunti nzima?

Operesheni Linda Boni ilianza Septemba 2015, ikielezwa kuwa ya siku 90. Siku 90 zilikwisha Disemba mwaka huo. Miaka ikapita, shule za msingi za wadi ya Basuba zikiwa zimefungwa na wazee wa Kiboni wakizuiwa kuingia msituni kurina asali, na operesheni ikabadilishwa jina ikawa Amani Boni.