Mali Kauli, Muhuri na Polisi: Yanayosemwa Kuhusu Mikataba ya Biashara Tanzania

Kariakoo mzigo wa mamilioni huondoka dukani kwa mali kauli: mteja anachukua, anauza, analipa baadaye, na mwenye duka anabaki na jina na kiasi kwenye daftari. Biashara nyingi huenda hivyo na huenda vizuri. Zikiharibika ndipo kila mtu anakuwa mwanasheria, na mengi yanayosemwa hapo si sheria.

"Hatukuandikishana, kwa hiyo hakuna mkataba"

Hili ndilo maarufu kuliko yote, na wadaiwa ndio hulipenda. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haidai karatasi. Kifungu cha 10 kinataka watu wenye uwezo kisheria wakubaliane kwa hiari, kila upande utoe kitu cha thamani kilicho halali, na lengo lenyewe liwe halali. Mkataba wa mdomo ni mkataba.

Ila pana mtego ambao hata wafanyabiashara wakongwe hawaujui. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inasema mauzo ya bidhaa za kuanzia shilingi 200 hayadaiki mahakamani mpaka mojawapo ya mambo haya liwepo: mnunuzi awe amepokea walau sehemu ya mzigo, awe ametoa arbuni au sehemu ya malipo, au pawe na maandishi yenye saini ya anayedaiwa. Kiwango hicho kilipangwa enzi za ukoloni, wakati shilingi 200 ilikuwa pesa ya maana. Leo karibu kila bidhaa imo. Aliyetoa mali kauli hapati shida hapa, maana mzigo ulishapokewa. Anayeumia ni aliyeagizwa mahindi kwa simu, akakodi lori, kisha mnunuzi akageuka kabla gunia hata moja halijashushwa. Ardhi nayo ina masharti yake: mauziano yake bila maandishi hayakufikishi popote.

Kwa hiyo tatizo la makubaliano ya mdomo mara nyingi si uhalali, ni ushahidi. Tangu ije Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa WhatsApp, barua pepe na kumbukumbu za malipo ya simu vinapokelewa mahakamani, mradi ionekane havikuchezewa. Mkishaongea kwa simu, andika: "Kama tulivyokubaliana, magunia 80, bei hii, utalipa Ijumaa." Akijibu "sawa," umepata kitu kizito kuliko mashahidi wawili waliokuwa wakipita njia.

"Una muhuri wa wakili, haupingiki"

Muhuri wa wakili, au wa mtendaji wa mtaa, unasaidia kuonyesha nani alisaini na lini. Hauhalalishi kilicho haramu. Mfano wa karibuni ni kanuni za mwaka 2025 zilizokataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa mambo machache yaliyoruhusiwa. Mwenye fremu anayeendelea kuandika kodi kwa dola hasaidiwi na muhuri wa mtu yeyote. Na kuna malipo ambayo wengi huyasahau kabisa, ushuru wa stempu: mkataba unaostahili ushuru huo, kama ule wa pango, usipolipiwa haupokelewi kuwa ushahidi hadi ulipiwe pamoja na adhabu yake.

"Nilisaini tu, sikuusoma"

Ulisoma, ndivyo mahakama itakavyokuchukulia. Katika shauri la Abualy Alibhai Azizi dhidi ya Bhatia Brothers, lililoripotiwa mwaka 2000, Mahakama ya Rufani ilionyesha haina subira na visingizio vya kukwepa mkataba pasipokuwa na udanganyifu, kukosa uwezo kisheria au jambo linalopingana na maslahi ya umma. Kuwa umeandikwa kwa Kiingereza peke yake si utetezi. Pia usitegemee maneno ya "usijali, hicho kipengele ni cha kawaida tu." Mkishaweka masharti kwenye maandishi, Sheria ya Ushahidi kwa kawaida hairuhusu maneno ya mdomo kuyapinga.

"Faini tuliyoandika italipwa yote"

Hapana. Kwa kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba mahakama hutoa fidia inayostahili, na kiasi mlichoandika ndicho kikomo cha juu. Asilimia kumi kwa kila siku ya kuchelewa inatisha kwenye karatasi, basi.

"Dola imepanda, mkataba umekufa"

Kupanda kwa gharama hakuvunji mkataba. Kifungu cha 56 cha sheria hiyohiyo kinahusu jambo lililogeuka kuwa lisilowezekana au haramu, si lililogeuka kuwa la hasara. Anayeagiza mali nje na kuuza kwa bei ya miezi sita mbele aandike mapema bei itabadilikaje, maana jaji hatamwandikia.

"Nimesajili jina BRELA, nyumba yangu iko salama"

Jina la biashara, hata likisajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni), ni jina tu. Deni la "Upendo Enterprises" ni deni la mwenye Upendo, na mali zake binafsi zinafikiwa. Kampuni ndiyo huwa mtu tofauti mbele ya sheria, na hata hapo mkurugenzi akisaini dhamana binafsi benki amejirudisha mwenyewe ndani.

"Asipolipa, nampeleka polisi"

Utapeli ni jinai: mtu aliyedanganya tangu mwanzo ili apewe mali. Aliyechukua mzigo kwa nia njema, biashara ikamwangukia, ni mdaiwa tu, na deni lake ni shauri la madai. Hati ya kukiri deni iliyosainiwa kwa vitisho inaweza kubatilishwa kwa kukosa hiari, ukabaki na karatasi isiyo na kazi.

Huku ukizungushwa kituoni, muda unahesabiwa. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 6 ya kufungua shauri la mkataba. Mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi yenye saini yake, hesabu huanza upya siku hiyo. Ndiyo maana hata akikuletea elfu hamsini kati ya milioni nane, mpokee, na umwandikie risiti inayotaja salio asaini.