Makanga Bubu: Kutangaza Vichekesho vya Sinema Isiyo na Sauti Mitaani Nairobi

Katikati ya Nairobi kelele haina bei. Mhubiri ana kipaza sauti, muuza dawa ya panya ana chake, makanga, yule mpiga debe wa matatu, ana koo lake. Ukipandisha spika juu ya lori kutangaza sinema bubu, utamezwa na mtaa mzima. Kioja chako kiwe kimya kama filamu yenyewe.

Ninachokipendelea ni makanga asiyesema. Kodi matatu kwa saa mbili kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, abiria wakiwa wachache na wenye gari wakikubali bei ya chini. Liegeshwe. Usimruhusu mtu aning'inie mlangoni gari likienda. Makanga wako anaita watu kwa mikono, mabega na nyusi, kisha anainua kadi ya maneno kama zile zinazokatiza picha za zamani: "Wawili tu, twende!" Mwigizaji wa pili anajaribu kuingia na godoro.

Kadi ni manila nyeusi ya A1 iliyogundishwa juu ya boksi, maandishi meupe, herufi za sentimita nane kwenda juu, maneno yasizidi sita. Karatasi inayong'aa achana nayo, maana jua la mchana huifanya kioo na hakuna atakayesoma.

Wengi huharibu kwenye rangi ya uso. Wanapaka nyeupe pe, na wapita njia wanadhani wameona mzimu au mganga. Picha ya zamani ina kijivu. Changanya rangi nyeupe na nyeusi za vipodozi zinazoyeyuka kwa maji, paka tabaka mbili nyembamba, kisha poda juu ili jasho lisichore mifereji. Masikio, shingo na viganja visisahaulike. Suti utaipata soko la mitumba la Gikomba, lakini kiatu kimoja cha kahawia kinatosha kuvunja picha nzima.

Kikosi ni watu watano: waigizaji wawili, wawili wasio na mavazi ya kuigiza wa kugawa vikaratasi na kuangalia wezi wa mifuko, na mmoja mwenye faili la vibali. Huyu wa tano ndiye bima yako. Askari wa kanjo, yaani wa kaunti, akiuliza, ajibu yeye; mwigizaji akifungua kinywa, kioja kimekwisha.

Ndani ya faili kuwe na kibali cha kaunti cha matangazo na, mkipanga msafara au mkusanyiko, nakala ya notisi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Sheria inataka notisi hiyo ifike si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla. Filamu nayo ipitie kwa bodi ya kuainisha filamu. Na muziki uangalie: picha ya 1923 imekuwa huru Marekani, bila hakimiliki, tangu 2019, lakini muziki uliowekwa juzi kwenye nakala iliyosafishwa una mwenyewe.

Utashawishika kumpandisha mtu ukutani, hasa ukionyesha "Safety Last!" ya Harold Lloyd, ile ya saa kubwa ya ghorofani. Usithubutu. Mwaka huohuo wa 1923, mpanda majengo aliyekuwa akiitangaza filamu hiyo New York alianguka kutoka Hoteli ya Martinique akafa.

Pale Archives, nje ya jengo la kumbukumbu za taifa, au Aga Khan Walk, njia ya waendao kwa miguu, dakika kumi kwa kituo zinatosha. Umati wa Nairobi hujaa haraka, ukikaa zaidi unafunga njia. Fanya Alhamisi kwa onyesho la Jumamosi, ikiwezekana baada ya mishahara. Jina la ukumbi na saa viandikwe pia mgongoni mwa makanga na kwenye godoro, kwa sababu video ya simu itazunguka WhatsApp bila kikaratasi chako.

Vikaratasi ni A6, vinne kwa A4 moja. Weka ukumbi, saa, bei na namba ya till ya kulipia kwa simu pamoja na jina litakalotokea M-Pesa. Jina geni humfanya mtu aghairi malipo. Aliye na kikaratasi apate punguzo mlangoni. Vya kila kituo vikate pembe tofauti, ndipo utahesabu usiku huo ni Archives au Aga Khan Walk iliyokuletea watu.