Usimuulize Mgeni Wazo Lilitoka Wapi

Naendesha podikasti ya mahojiano kuhusu ubunifu katika biashara, na kuna swali nililolifuta kabisa kwenye daftari langu: "Wazo hili ulilipata wapi?" Kwa sura halina ubaya. Shida ni kwamba mgeni ameshalijibu kila alikoalikwa. Sauti yake inabadilika, anaanza kughani: nilikuwa naoga, ghafla likanijia. Dakika tatu zimekwenda na msikilizaji hana cha kushika.

Chukua vile vikaratasi vya kunata, Post-it. Kinachosimuliwa siku zote ni kisa cha Art Fry wa kampuni ya 3M, aliyechoshwa na alama za karatasi zilizokuwa zikidondoka kwenye kitabu chake cha nyimbo alipokuwa akiimba kwaya. Hiyo ilikuwa 1974. Lakini gundi yenyewe ilipatikana 1968, pale mwenzake Spencer Silver alipotafuta gundi kali akaambulia dhaifu, na vikaratasi vilianza kuuzwa Marekani nzima mwaka 1980. Miaka 12 hiyo! Ningewahoji wawili hao, kwaya ningeipita haraka nikaganda kwenye miaka ile Silver alipokuwa akizunguka na gundi yake, akiwaonyesha wenzake kitu ambacho hakuna aliyejua kitumike wapi. Aliwaambia nini? Nani alimkwepa kwenye korido?

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kurekodi, namwomba mgeni aje na kilichoharibika. Mmoja alikuja na mfuko wa vifuniko vya chupa. Kwa robo saa alikuwa ameongea kama tangazo, mpaka nilipomwambia avimwage mezani. Kishindo kikaingia kwenye maikrofoni, fundi wangu wa sauti akanikunjia uso nyuma ya kioo. Mgeni hata hakusikia. Akaokota kimoja, akakizungusha kwa kidole gumba: "Hiki kilivuja. Hiki hakikuvuja, ila mzee mwenye mikono dhaifu hakuweza kukifungua. Hiki kilikuwa sawa kabisa, kikatushinda bei." Kipindi kilianzia pale. Robo saa ile ya mwanzo niliitupa yote.

Namtafuta pia aliyesema hapana, na huyu ni mgumu kumpata kuliko mvumbuzi, maana nani anataka kukumbukwa kwa kukataa? Kodak, kampuni iliyokuwa ikiuza filamu za kamera, haikukosa wazo. Mhandisi wake, Steve Sasson, aliunda kamera ya kidijitali mwaka 1975. Picha moja ilichukua sekunde 23 kurekodiwa kwenye kaseti. Januari 2012 kampuni hiyo hiyo iliomba mahakama iilinde dhidi ya wadai. Ukimhoji mhandisi peke yake utapata shujaa na mabosi vipofu. Ukimweka mezani mtu aliyeishi kwa faida ya kuuza filamu, utaanza kuelewa kwa nini kukataa kulionekana busara. Swali langu kwa watu hao ni moja: "Hesabu zilikuonyesha nini siku ile?" Mara nyingi hesabu zilikuwa sahihi, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Baada ya swali, nafunga mdomo. Ni kazi ngumu kuliko zote, hasa kwa sisi tunaopenda kusikika. Mgeni akimaliza jibu alilokuja nalo, nikinyamaza, huwa anaongeza sentensi moja, na hiyo ndiyo ninayoitaka.

Kuhariri nako kuna mtego wake. Kila sauti nairekodi kwenye mkondo wake, hivyo kikohozi changu naweza kukiondoa bila kumgusa mgeni. Ukizoea, unafuta kila pengo. Niliwahi kumuuliza mwanzilishi mmoja kama angeanza tena biashara ile, akakaa kimya sekunde tisa, kisha akasema "ndiyo." Nikazikata zile sekunde ili kipindi kiende mbio. Baada ya kukirusha akanipigia simu: "Mbona umenifanya nisikike kama sikufikiri?"

Jioni ile ile nikazirudisha sekunde tisa, nikakipakia kipindi upya.