"Wenyeviti" au "wenye viti"? Dhana potofu kuhusu maneno ambatani

Dhana: Sehemu zote mbili za neno ambatani, yaani lililojengwa kwa kuunganisha maneno, zikibadilika kwenye wingi, hayo ni maneno mawili.

Hii ndiyo inayopotosha wengi. Hoja yao ni kwamba waziri mkuu huwa mawaziri wakuu, kwa hiyo tunatenganisha. Hapo wamepatia. Lakini mwenyekiti je? Wingi wake ni wenyeviti: mwenye imekuwa wenye, kiti kimekuwa viti, na bado ni neno moja. Mwanamke na wanawake, vivyo hivyo.

Kinachoamua zaidi ni maana. Mwenyekiti ni cheo. Hata akisimama kikao kizima bado ni mwenyekiti. Tangazo la mkutano wa kijiji likisema "Wenyeviti wakae mbele", limewaita viongozi wa vitongoji. Likisema "Wenye viti wakae mbele", limewaita waliobeba viti kutoka nyumbani.

Ukiwa na shaka, ongeza kivumishi usikilize. Tunasema mwenyekiti mpya, kwa sababu upya ni wa mtu. Lakini mwenye kiti kipya: hapo kipya kimefuata kiti, maana kiti bado ni neno linalojitegemea. Napenda sana jaribio hili, kwani sarufi yenyewe inakujibu.

Dhana: Kinachotamkwa kwa pamoja kiandikwe kwa pamoja.

Ndipo zinapotoka "kwasababu", "kwahiyo" na "kwanini". Ulimi huunganisha mengi, ila Kiswahili sanifu huandika kwa sababu, kwa hiyo, kwa nini. Isipokuwa na ijapokuwa, kwa upande wao, ni neno moja moja. Na wapo wanaokosea kinyume, wakaandika "nita kuja" ilhali nita- haiwezi kusimama peke yake.

Dhana: Ipo kanuni moja inayomaliza kila kitu.

Haipo. Kipimajoto na mpiga kura yamejengwa kwa mtindo uleule, kitenzi kilichogeuzwa nomino kikifuatwa na kinachotendwa. Lakini la kwanza tumezoea kuliunganisha, la pili kulitenganisha. Garimoshi na gari moshi, mjamzito na mja mzito, yote utayakuta yamechapishwa. Kwa maneno ya namna hii simsahihishi mtu, mradi ashike njia moja. Nasahihisha pale aya ya kwanza inaposema mjamzito na ya tatu mja mzito, au wingi unapoandikwa "wamjamzito" badala ya wajawazito.